Maneno ya Maji na Maana Yake
Hotuba kwa wakulima na waalimu wa Mbeya na Iringa



Shauri ninalotaka kulisema leo ni maneno tuyatumiayo katika kazi ya mifereji na mito. Labda mtu atauliza, "Maneno yatatufaa nini? Sisi twataka maji." Swali hilo ni la haki, lakini nawaomba mnivumilie kidogo. Magomvi mengi ya maji huanza pale watu wawili watumiapo neno moja, kila mmoja kwa maana yake. Huyu asema, "Nina kibali." Mwenziwe asema, "Maji ni ya wote." Wa tatu alalamika, "Maji yangu yamepotea," kumbe yameingia katika shamba la jirani aliye chini yake. Kila mmoja asema kweli kama aionavyo, na kila mmoja hurudi nyumbani na hasira. Wahenga walisema: Asiyejua maana haambiwi maana. Basi na tuyachambue maneno hayo moja moja, tukiyafuata maji yenyewe tangu mlimani hata bwawani, ili siku tutakapoketi kugawana tujue tunagawana nini.

Mto wetu ulivyo

Mto wa Ruaha Mkuu hupata maji yake katika milima ya Uporoto na Kipengere. Kutoka huko hushuka Ruaha wenyewe, na Chimala, na Kimani, na Mbarali. Upande wa magharibi hushuka vijito vya Mkoji. Na upande wa mashariki huja mto Ndembera, utokao nchi ya Mufindi na kupita Madibira. Mito hii huingia katika tambarare ya Usangu, na maji yake hukusanyika katika kinamasi kikubwa kiitwacho Ihefu.

Ihefu ni kama bakuli, na mdomo wa bakuli hilo ni mwamba ulioko Ng'iriama. Maji yakisimama juu kuliko mwamba, mto hutoka na kuendelea na safari yake. Yakishuka chini ya mwamba, hapana linalotoka, hata kama ndani ya Ihefu bado kuna maji. Baada ya Ng'iriama mto hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, hupokea Ruaha Mdogo, ule upitao penye mji wa Iringa, huingia bwawa la Mtera, kisha Kidatu, na mwisho huungana na Rufiji kwenda baharini. Kituo cha umeme cha Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975, kina nguvu ya megawati 204. Cha Mtera kina megawati 80. Kwa hiyo maji yapitayo mlangoni kwa mkulima wa Chimala ni maji yale yale yanayowasha taa mijini.

Tena yafaa kukumbuka mvua. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Milimani hunyesha zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, lakini tambarare ya Usangu hupata kadiri ya milimita 500 hadi 700 tu. Mpunga hautoshelezwi na mvua hiyo, ndiyo sababu watu walichimba mifereji. Katika miaka ya 1930 na 1940 wahamiaji wa Kibaluchi walilima mpunga wa mifereji katika Usangu, na wenyeji wakaushika ustadi huo na kuueneza. Katika miaka ya 1970 likajengwa shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China, na baadaye likafuata la Kapunga, na skimu ya Madibira, pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo. Nchi ikajaa mchele, watu wakaja kutoka pande zote, na masoko yakakua.

Lakini tangu mwaka 1993 jambo jipya limeonekana. Mto uliokuwa ukipungua tu wakati wa kiangazi umekuwa ukikatika kabisa ndani ya Hifadhi ya Ruaha, wiki nyingi, na viboko hubanana katika madimbwi machache. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza kwamba serikali itahakikisha Ruaha Mkuu unatiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 serikali iliamuru wafugaji waondolewe Usangu na Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo kubwa la Usangu likatiwa ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Watu walihama, ng'ombe walihama, lakini mwaka 2010 ulipita na mto ukaendelea kukauka kiangazi. Jambo hili si dogo, na ndiyo maana nasema maneno tunayoyatumia katika kulishauri yapasa yawe sawasawa.

Kidakio na bonde

Neno kidakio latokana na kudaka. Ni nchi yote ambayo mvua ikinyesha juu yake, maji yake hushukia mto mmoja. Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto kwa jani la mgomba: mwaga maji popote juu ya jani, nayo yatakwenda kwenye mfereji wa katikati. Jani zima ni kidakio, na mfereji ule ndio mto.

Neno bonde lina matata zaidi, kwa sababu lina maana mbili. Katika maneno ya kila siku bonde ni nchi ya chini kati ya vilima, penye unyevu. Katika sheria, bonde ni vidakio vyote vya mto mmoja mkubwa vikiunganishwa pamoja. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9 ya namna hiyo, na letu ni Bonde la Rufiji, ambalo ofisi yake ilianzishwa mwaka 1993, na makao yake ni Iringa.

Sasa tazameni jinsi neno hilo linavyoweza kuleta ugomvi. Katika nyanda za Iringa na Njombe wako wakulima wenye vinyungu, yaani bustani za matuta katika nchi ya unyevu kandokando ya vijito, ambazo hulimwa kiangazi wakati shamba la juu ni kavu. Kinyungu huleta mahindi mabichi, maharage na mboga katika miezi ya njaa, na ada ya shule ya watoto hutoka humo. Akija afisa na kusema, "Tulinde bonde," yeye awaza nchi yote tangu Uporoto hata Rufiji. Lakini mkulima husikia, "Tulinde bondeni," yaani pale penye kinyungu chake, naye hudhani amekuja kunyang'anywa. Hofu hiyo haikutoka hewani, kwa kuwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kudhuru ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Basi kila asemaye mbele ya watu na aeleze: nazungumza habari ya bonde lipi? Na kama ni habari ya zile mita 60, aseme mita 60, azipime kwa kamba mbele ya wenyewe, wala asizifiche ndani ya neno kubwa.

Banio, mfereji, mtaro na jaruba

Banio ni pale mtoni ambapo maji hubanwa ili yaelekee mferejini. Banio la zamani lilijengwa kwa magogo, mawe, matawi na udongo. Mafuriko yalilibomoa kila mwaka, na watu walikusanyika kulijenga upya. Hata lilipokuwa zima lilivuja, na maji yaliyovuja yalikwenda kwa watu wa chini bila mtu kuombwa wala kushukuriwa.

Banio la siku hizi ni la saruji, lina mlango wa chuma, halivuji. Katika kazi za serikali na za wafadhili huitwa "banio lililoboreshwa". Wakati wa maji mengi hakika ni bora, kwa kuwa mlango hufungwa mafuriko yajapo, mfereji hauharibiki, na akina mama hawapotezi siku kuchota udongo. Lakini kiangazi banio lile lile laweza kuchukua mto wote, hata tone lisipite. Banio la magogo liligawa maji kwa udhaifu wake; la saruji halina udhaifu huo, nalo hugawa tu kama mwenye kushika ufunguo wa mlango ametaka kugawa. Kwa hiyo tukisikia neno "kuboresha" tuulize swali la pili: limeboreshwa kwa nani, na katika mwezi gani?

Mfereji ni njia iletayo maji shambani. Kuna mfereji mkuu utokao banioni, na mifereji ya kati, na michirizi inayofika shamba la kila mtu. Mtaro ni njia iondoayo maji yaliyozidi shambani na kuyarudisha mtoni au kuyapeleka kwa mwingine. Watu wengi huyachanganya maneno haya mawili, na matokeo yake ni kwamba mifereji husafishwa kila mwaka na mitaro huachwa iote matete. Mtaro ukiziba, maji ambayo yangerudi mtoni hutuama, huota magugu na kuzaa mbu, kisha hukauka kwa jua bila kumfaa mtu.

Jaruba ni kitalu cha mpunga kilichozungushiwa tuta ili maji yakae. Tuta likiwa la chini au lina matundu ya panya, jaruba halishiki maji, na mwenyewe hulazimika kuacha mlango wazi mchana na usiku. Neno skimu ni jumla ya haya yote, pamoja na watu wake na kanuni zao. Mifereji isiyo na kanuni ni mashimo tu yenye maji.

Lita kwa sekunde

Maji yaliyosimama twayapima kwa debe au kwa ndoo. Maji yanayokwenda hayapimwi hivyo, kwa kuwa lazima kuuliza, ni ndoo ngapi katika muda gani? Ndiyo maana ya kipimo cha lita kwa sekunde. Sekunde ni kadiri ya pigo moja la moyo wa mtu aliyetulia. Mto ukipitisha lita 1,000 kwa sekunde, maana yake ni kwamba kila pigo la moyo zapita ndoo 50 za lita 20. Lita 1,000 ni mita moja ya ujazo, yaani sanduku lenye mita moja urefu, mita moja upana, na mita moja kwenda juu.

Kupima mfereji hakuhitaji mashine. Waalimu na wafanye hivi pamoja na wanafunzi wao. Tafuteni mahali mfereji umenyooka, mpime urefu wa mita 10 ukingoni na kusimika vijiti viwili. Pimeni upana wa maji, kisha kina mahali patatu au panne, mpate kina cha wastani. Tupeni chungwa au gunzi kavu juu ya kijiti cha kwanza, na mtu mwenye saa ahesabu sekunde hata lifike kijiti cha pili. Fanyeni mara tatu au zaidi. Tuseme upana ni mita 2 na kina ni nusu mita. Eneo la maji ni mita 1 ya mraba. Tuseme chungwa limechukua sekunde 20 kwenda mita 10. Kasi ni nusu mita kwa sekunde. Lakini maji ya chini na ya kandoni huenda polepole kuliko ya juu, basi punguzeni, mchukue sehemu 8 katika 10. Mtapata mita za ujazo 0.4 kwa sekunde, yaani lita 400.

Na lita hizo zatosha shamba gani? Mabwana shamba hukisia kwamba hekta moja ya mpunga huhitaji lita 1 hadi 2 kwa sekunde, mchana na usiku, kwa kadiri ya udongo na majira. Lita 1 kwa sekunde kwa siku nzima ni mita za ujazo 86.4, nazo zikitandazwa juu ya hekta moja huwa kina cha milimita 8.6, yaani kama upana wa kidole chembamba. Kijiji chenye hesabu hii hakiwezi kudanganywa na mtu wa juu, wala chenyewe hakiwezi kumdanganya wa chini.

Kibali, sehemu na zamu

Sasa twafika penye kiini cha maneno yangu. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji ni mali ya umma, na mtu au chama kitakacho kuyageuza maji ya mto kwa kilimo huomba kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde na kulipa ada. Kibali hutaja kiasi cha maji. Ni jambo jema, kwa kuwa pasipo kibali hakuna ajuaye nani achukua nini. Lakini kibali kina udhaifu wake, nao wapaswa kujulikana na kila mzee wa mfereji.

Tuseme kuna kijito chenye mabanio matatu. La juu lina kibali cha lita 400 kwa sekunde, la kati lita 300, la chini lita 200. Mwezi wa Machi kijito kina lita 3,000; kila mtu huchukua chake, na mto hubaki na maji tele. Mwezi wa Oktoba kijito kina lita 300 tu. Mwenye banio la juu hufungua mlango wake, achukua lita zote 300, kisha asema, "Sikuvunja sheria. Kibali changu ni 400, nami nimechukua 300." Ukimhesabia kwa karatasi, maneno yake ni ya kweli. Lakini wa kati na wa chini, ambao nao wamelipa ada, hawana maji ya kunywa. Kibali cha kiasi kisichobadilika hufaa katika majira ya maji mengi. Mto ukipungua, hupoteza maana yake.

Dawa yake ni neno la pili, nalo ni sehemu. Tugawe mto kwa mafungu: wa juu apate mafungu 4, wa kati 3, wa chini 2, na mto wenyewe uachiwe fungu 1. Kijito kikiwa na lita 300, kila fungu ni lita 30. Wa juu hupata 120, wa kati 90, wa chini 60, na mto 30. Wote wamepungukiwa, lakini hapana aliyekosa. Kazi hii yaweza kufanywa na ukuta mfupi wa saruji wenye mapengo ya upana mbalimbali, ambapo maji yakipanda au yakishuka hujigawa yenyewe kwa kadiri ile ile, wala hapana mlango wa kufungua usiku.

Neno la tatu ni zamu. Maji yakiwa haba sana, kuyagawa mafungu madogo madogo huyafanya yote yanywewe na udongo wa mfereji kabla ya kufika. Hapo ni heri kumpa mmoja maji yote kwa saa kadha, kisha mwingine. Katika nchi ya Oman, iliyo na historia ndefu pamoja na pwani yetu, mifereji iitwayo falaj imegawanywa kwa zamu tangu kale, na kipimo cha zamu ni athar, yaani nusu saa, kilichohesabiwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Kule Valencia katika Hispania, wazee waliochaguliwa na wakulima huketi kila Alhamisi mlangoni pa kanisa kuu, nao huhukumu kesi za mifereji kwa mdomo, mbele ya watu wote. Wala hatuna haja ya kwenda mbali: Wapare wana ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa usiku ili maji yagawiwe kwa zamu mchana. Watu hawa wote waliona jambo moja, kwamba maji yakipungua, kanuni ya kugawana lazima ibadilike, na ibadilike kwa namna ambayo kila mtu aweza kuiona kwa macho yake.

Kwa hiyo tusemapo "haki yangu ya maji", tuseme wazi ni haki ipi: ya kibali, ya sehemu, au ya zamu, na ni ya majira gani.

Maji yaliyopotea na maji yanayorejea

Neno jingine la hatari ni "kupotea". Husemwa kwamba katika mifereji ya asili maji mengi hupotea, na kwamba mfereji ukisakafiwa kwa saruji, maji hayo yataokolewa na mto utajaa. Tutazame vizuri. Maji yaliyoingia shambani yana njia nne. Mengine hunywewa na mpunga. Mengine huwa mvuke kwa jua na upepo. Mengine huzama ardhini. Na mengine hupita katika mtaro na kurejea mtoni au kuingia shamba la chini. Yale mawili ya kwanza hayarudi. Lakini yaliyozama mara nyingi hutokea tena katika chemchemi au kisima, na yaliyorejea huwa maji ya mtu mwingine. Katika Usangu mashamba mengi ya chini huishi kwa maji yanayomwagika kutoka mashamba ya juu.

Sasa tuseme mkulima wa juu amesakafia mfereji wake na "kuokoa" lita 100 kwa sekunde. Kama atazifunga lita hizo banioni ziendelee na mto, basi ameziokoa kweli. Kama atazitumia kuongeza hekta 50 za mpunga mpya, mpunga huo utazinywa, na jirani yake wa chini aliyekuwa akiishi kwa maji yale atabaki mkavu. Ufanisi wa shamba la juu umepanda, na mto umepungua.

Hata hivyo kuna maji yanayopotea kweli, nayo tuyatafute. Baada ya mavuno mabanio mengi huachwa wazi miezi ya kiangazi, maji yakipita mferejini kilomita nyingi ili vijiji vichote ndoo chache za kunywa na kuoga. Mengi ya maji hayo huishia katika vichaka na jua. Kijiji kikiwa na kisima kizuri, mlango waweza kufungwa miezi hiyo, na maji yakaenda Ihefu. Hapo kisima ni kazi ya kuokoa mto sawasawa na kazi ya afya.

Akiba ya mto

Neno la mwisho ni akiba ya mto, yaani maji ambayo lazima yaachwe mtoni kwa ajili ya viumbe na kwa ajili ya mto wenyewe kuwa hai. Sheria ya mwaka 2009 imeweka utaratibu: kwanza maji ya mahitaji ya nyumbani ya watu, pili akiba ya mazingira, kisha ndipo mashamba, viwanda na umeme. Wako wanaosikia neno akiba na kudhani ni maji ya tembo na watalii. Lakini mto ukikatika, wa kwanza kuumia ni kijiji cha mwisho cha mfereji, na mvuvi wa Ihefu, na mama achimbaye mchanga mtoni kutafuta maji ya kupikia. Akiba ni yao kabla ya kuwa ya tembo.

Yafaayo kutendwa

Kati ya mwaka 2001 na 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa nje walifanya kazi Usangu, na miongoni mwa zana zao ulikuwako mchezo. Ubao mrefu huinamishwa; juu yake gololi huteremka kama maji ya mto; wachezaji husimama kandokando, wengine juu na wengine chini, nao huweka vijiti kama mabanio. Mara ya kwanza walio juu hujaza vikombe na walio chini hupata gololi mbili tatu au hawapati kabisa. Kisha hubadilishana nafasi, na ndipo mazungumzo huanza. Mwalimu yeyote aweza kutengeneza ubao huo kwa seremala wa kijiji, na mwenyekiti aweza kuuweka barazani kabla ya mkutano wa maji.

Tena nayasihi mambo manne. La kwanza, kila jumuiya ya watumiaji maji iwe na mtu wa kupima, na daftari lake liandikwe kila juma, lisomwe hadharani. La pili, kanuni za jumuiya ziseme siku au kipimo ambapo kibali kinasimama na sehemu au zamu inaanza, na jambo hilo likubaliwe mwezi wa Mei, watu wakiwa bado na maji na subira, lisingoje Oktoba. La tatu, watu wa chini wawe na wajumbe wao penye mkutano wa watu wa juu. La nne, mitaro isafishwe siku ile ile isafishwapo mifereji.

Waalimu wayaandike maneno haya ubaoni: kidakio, bonde, banio, mtaro, kibali, sehemu, zamu, akiba, na wanafunzi wayachukue nyumbani kwa wazazi wao. Kama lipo neno la Kisangu, Kihehe au Kibena lisemalo jambo hilo vizuri zaidi, liandikwe nalo, likiwa na maana moja tu iliyokubaliwa na wa juu na wa chini.

Hayo ndiyo niliyotaka kusema. Mwenye swali na aulize, na mwenye banio naomba aanze kwa kupima leo.